Mji wa Kale Mombasa: maswali yanayoulizwa kila siku, na majibu ya mtu wa Kibokoni

Nimezaliwa Kibokoni na mpaka leo niko hapo hapo, na haipiti wiki bila mtu kuniuliza mambo ya Mji wa Kale. Mara ni mtalii amepotea, mara ni mwanafunzi ana kazi ya shule anaitaka kesho asubuhi, mara ni binamu yuko Jeddah ataka kujua nyumba ya babu imefikia wapi. Kujibu mmoja mmoja kwa WhatsApp nimechoka, kwa hivyo nimeyaweka yote hapa. Wazee wangu mkiona pahala nimeteleza nirekebisheni, lakini kwa upole tafadhali.

Mji wa Kale unaanzia wapi?

Watu wengi huhesabu kuanzia Fort Jesus (wazee bado hupaita Ngomeni), ukafuata bahari kupita Bandari ya Kale, na kwa upande wa mjini Digo Road ndio mpaka wa mazoea. Ni kama ekari 180 hivi. Ndani yake ndio una Kibokoni, Kuze, Makadara, Mkanyageni, Mlango wa Papa na vichochoro ambavyo hata Google Maps huvikosea. Ng'ambo ya maji ni Nyali, na yale maghorofa yake mapya tunayatazama kila jioni tupende tusipende.

Una umri gani kwani?

Inategemea unauliza mji ama nyumba. Mji ni wa zamani sana, Ibn Battuta alipita Mombasa mwaka 1331 akakuta watu wa dini wana misikiti ya mbao. Vasco da Gama akaja 1498, na Wareno wakauchoma mji 1505 na tena 1528 kabla hata hawajafikiria kujenga ngome. Ngome yenyewe ilijengwa 1593 mpaka 1596, mchoro ni wa Mtaliano, Giovanni Battista Cairati. Msikiti wa Mandhry watu huuweka mwaka 1570, na bado unaswaliwa.

Lakini nyumba sasa, hapo ndipo watu hushangaa. Nyingi ya hizi nyumba za roshani mnazopiga picha hazijafikisha hata miaka 200, ni za mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa ya 20, biashara ilipokuwa tamu na mafundi wa kutoka Bara Hindi wakaja na ujuzi wao wa mbao. Kwa hivyo ukisikia mtembeza watalii anamwambia mgeni "this house is six hundred years" muache tu, naye atafuta riziki.

Na mji haukuitwa "wa kale" mpaka kulipokuwa na mpya. Wakati reli inaanza kujengwa 1896 hapa ndipo kulikuwa Mombasa yote, serikali ya Waingereza iko hapa, forodha iko hapa, na kulikuwa na vijitroli vya kusukumwa na watu kwenye reli nyembamba kubeba wakubwa kwenda Kilindini. Kisha makao makuu yakahamia Nairobi, meli kubwa zikahamia Kilindini, sisi tukabaki na majahazi na jina la uzee.

Mbona kibao kimeandikwa "Ndia Kuu", hamjui Kiswahili?

Tunakijua sana. Hicho ni Kimvita, Kiswahili cha hapa Mombasa, njia kwetu ni ndia. Ukiona mtu ataka kukirekebisha kile kibao niite.

Si UNESCO imeshaulinda mji wote?

Hapana, na hili watu wengi hata wenyeji hulikosea. Kilichoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011 ni Fort Jesus, si mtaa. Mtaa uliopakana nayo ni kama pambizo la kuikinga ngome, yaani kuna sheria kidogo lakini heshima yote iko kwa ngome. Lamu ni tofauti, kule mji wenyewe ndio umeingia, mwaka 2001. Zanzibar pia, Mji Mkongwe uliingia 2000.

Kinacholinda mtaa wetu ni sheria ya hapa nyumbani. Mji wa Kale ulitangazwa eneo la uhifadhi mwaka 1990, na sasa uko chini ya sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006. Kuna ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ambayo kazi yake ni hiyo.

Na kwa wale wanaodhani tukipata cheti cha UNESCO mambo yote yatakuwa sawa, nawakumbusha Beit al-Ajaib ya Zanzibar, jumba lao la fahari kabisa. Liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020, katikati ya ukarabati, na watu wakafa. Karatasi haishiki boriti.

Nimenunua nyumba, naweza kuvunja nijenge ghorofa nane?

La. Hata kabla hujagusa dirisha unatakiwa upeleke plani kaunti na vilevile upate ruhusa ya watu wa uhifadhi. Urefu, roshani, milango, sura ya mbele, vyote huangaliwa. Ndani wana huruma kidogo, choo cha kisasa na jikoni hakuna atakayekukataza.

Sasa utaniuliza, mbona naona majengo marefu Kibokoni na yako ndani ya mpaka? Naona pia, nina macho. Mambo mengine hujengwa usiku na wikendi, mengine huanza kama "tunarekebisha paa tu" na baada ya miezi mitatu paa liko ghorofa ya tano. Mtu akishamaliza kujenga nani atambomolea? Na aliyefuata sheria akangoja karatasi huku mvua inamnyeshea ndani ndiye huonekana mjinga, hilo ndilo linaloniuma kuliko ghorofa lenyewe.

Kwa nini nyumba nzuri namna hii zinaachwa zianguke?

Hili ndilo swali lenyewe. Watu hulaumu bahari, chumvi, serikali, watalii. Mimi niliyekaa hapa nakwambia nyumba hizi zinauliwa na kufuli.

Chukua mfano wa kawaida. Babu afa, aacha mke na watoto sita. Mirathi ya Kiislamu iko wazi, mke ana thumuni yake, yaani moja ya nane, mtoto wa kiume mafungu mawili na wa kike moja, hapo hakuna ugomvi. Lakini nyumba haigawiwi siku ile, watu wanaona vibaya kuuza nyumba ya baba na arubaini haijafika, inaachwa. Miaka ishirini mbele wawili katika wale sita nao wamekufa, watoto wao wako Dubai, Toronto, Nairobi, mmoja yuko Kisauni na ndiye pekee anayeweza kuja kuangalia. Sasa warithi ni thelathini na kitu, wengine hawajawahi kuonana, na fungu la mtu mmoja halifiki hata thamani ya mlango. Nani atatoa laki tano zake za paa ili faida igawiwe watu thelathini? Hakuna. Basi nyumba yafungwa, kufuli kubwa mlangoni, kila mmoja anangoja mwenzake.

Na nyumba ya matumbawe ikifungwa haidumu. Ikiwa na watu, tone la kwanza la maji likivuja kuna mtu ataliona, ataweka ndoo, atapiga kelele, ataita fundi. Ikiwa imefungwa lile tone linaingia kwenye kichwa cha boriti pale inapokaa ukutani, boriti inaoza taratibu ndani kwa ndani, kisha sakafu ya juu inalala. Juu ya ukuta mbegu ya mkuyu imeletwa na ndege, imeota, mizizi imeshuka katikati ya mawe. Misimu michache tu ya mvua za mwaka, basi.

Kuna na nyumba za wakfu, hizo haziuzwi, zimewekwa kwa ajili ya msikiti ama jamaa fulani. Zimesaidia sana familia za kipato kidogo kubaki mjini maana kodi yake mara nyingi ni ndogo. Lakini kodi ikiwa ndogo sana pesa ya kurekebisha nayo itoke wapi, ndio hivyo.

Simenti si ina nguvu zaidi kuliko chokaa?

Nilidhani hivyo pia. Ukuta wetu wa chini ulikuwa unamomonyoka plasta, nikaleta fundi hodari sana wa majengo mapya, akakwangua chokaa yote ya zamani akapiga simenti safi na rangi ya mafuta juu yake, ukang'aa kama kioo. Nilijisifu mtaa mzima. Haukupita mwaka ukuta ukaanza kufura kama mahamri, ukigonga wasikia wazi, na siku moja kipande cha ukubwa wa meza kikashuka chenyewe usiku tukadhani ni mwizi.

Shangazi yangu alicheka mpaka akakaa chini. Akaniambia ukuta huu wapumua, wewe umeuziba pua.

Na ni kweli, maelezo yake ni haya. Jiwe la matumbawe lina vitundu, linanyonya unyevu kutoka chini pamoja na chumvi. Chokaa nayo ina vitundu kwa hivyo unyevu unatoka nje na kukauka na upepo. Simenti haipitishi, maji yanabaki ndani, chumvi inaganda nyuma ya plasta na kuisukuma. Kwa hivyo ukitaka kurekebisha tumia chokaa iliyolowekwa muda mrefu, na mchanga usiwe wa ufuoni. Fundi anayejua chokaa si rahisi kumpata siku hizi na wengi ni watu wazima, ukimpata mpe na kijana wa kumsaidia ili ujuzi usiende naye kaburini.

Boriti nazo ni mikoko, nyingi hutoka Lamu. Serikali iliposimamisha ukataji wa miti 2018 kulikuwa na taabu ya kuzipata, na bei mpaka leo si ya mchezo. Urefu wa boriti ndio sababu vyumba vya nyumba za kale ni virefu lakini vyembamba, upana wa chumba ni pale mti ulipofika. Kwa hivyo usivunje ukuta wa kati ati upate sebule kubwa, utalala na dari ya jirani.

Roshani zilikuwa za kazi gani?

Upepo na stara. Mama anakaa juu nyuma ya mbao zilizotobolewa, anaona nani apita na nani amesimama na nani, na yeye haonekani. Bibi yangu alikuwa akijua habari za Makadara kabla ya walioko Makadara.

Nani anaishi huko sasa?

Waswahili wa Thelatha Taifa na Tisa Taifa (yale mataifa matatu na tisa ya wenyeji wa Mombasa), Waarabu wa Oman na Hadhramaut, Mabohora, Mabulushi, Wabajuni, na siku hizi watu wa kila pembe ya Kenya waliokuja na kazi wakapanga chumba. Wenye pesa wengi wamehamia Nyali na Kizingo wakitafuta pa kuegesha gari, na ule mtindo wa ghorofa moja familia moja umeanza kuwa chumba kimoja familia moja. Mimi sina tatizo na wageni hata kidogo, mji huu wote ni wageni waliokaa. Tatizo ni pale nyumba ya vyumba vitano inapokuwa na mita kumi za stima kwenye ukuta mmoja na nyaya zimening'inia kama tambi juu ya mbao zenye miaka mia.

Maji na parking je?

Maji ya mfereji huja yatakapo. Wengine wana visima, maji yake yana chumvi, na ya kunywa tunanunua mitungi inayoletwa na mkokoteni. Parking sahau, acha gari nje uingie kwa miguu ama tuktuk. Tangu barabara zilipowekwa vitofali vya kabro kutembea kumekuwa kuzuri kweli, lakini bodaboda nazo zimeona ni kuzuri.

Ni salama?

Mchana na jioni ya mapema, ndio, tembea. Usiku wa manane kwenye kichochoro usichokijua, hapana, kama mji wowote. Sitaficha kwamba unga umetuharibia vijana, mateja wapo na baadhi yao nimecheza nao mpira tukiwa wadogo, nawajua kwa majina ya mama zao. Wakikuomba shilingi sema hapana kwa adabu na uendelee. Picha za watu, hasa wanawake, omba ruhusa kwanza.

Gesti za watalii si zinaua mtaa?

Ziko nyumba kadhaa zimefanywa gesti ama mikahawa, na ukweli ni kwamba baadhi yake ndizo nyumba zilizorekebishwa vizuri zaidi mtaani, chokaa safi, mlango umepakwa mafuta. Siwezi kuchukia hilo. Ninachoangalia ni hesabu: gesti moja kwenye kichochoro ni baraka, watoto wanapata kazi, mama wa viazi karai anapata wateja. Gesti kumi kwenye kichochoro kimoja, sasa msikitini Alfajiri ataswali nani? Tuulize ndugu zetu wa Lamu kule Shela, nyumba zinavyong'aa na wenyewe wako wapi.

Ule ukuta wa baharini ulikuwa wa lazima?

Mawimbi yalikuwa yanakula mwamba chini ya Fort Jesus, na ngome imekaa juu ya mwamba huo huo wa matumbawe. Ingeachwa tungekuja kuipoteza, ngome iliyohimili kuzingirwa na Waomani kuanzia 1696 hadi 1698. Wapo ambao sura ya ukuta hawajaipenda, mimi pia mwanzo nilinuna. Lakini pita jioni uone, familia zimekaa, watoto wanakimbia, mabuyu na mihogo. Baada ya bustani ya baharini ya Mama Ngina kutengenezwa upya 2019 na kisha hapo ngomeni, watu wa Mombasa wamerudi kukaa na bahari yao, hilo siwezi kulikataa kwa sababu ya saruji.

Vijana wafanye kazi gani hapa?

Bandari ya Kale bado ina majahazi, si kama zamani kaskazi ilipokuwa ikileta tende na mazulia mpaka njia zikajaa, lakini yapo. Biashara Street kanga zinauzwa na Marikiti viungo vinanukia. Kuna wachongaji milango, Swahili Cultural Centre imefundisha vijana kuchonga na kushona kwa miaka mingi, na Swahilipot, kituo cha vijana hapo karibu na ngome, imejaa wale wa kompyuta na ushairi, mchanganyiko ambao Muyaka bin Haji, mshairi wetu wa kale, angeufurahia nadhani, yule bwana hakupitwa na jambo.

Mimi ningependa kuona kitu kimoja cha ziada, kazi ya ukarabati wenyewe iwe ajira. Paa ngapi zavuja Kuze peke yake? Vijana wangapi wamekaa barazani? Kukiwa na mkopo mdogo wa paa, si wa jumba zima, paa tu, na mafundi chokaa watatu wakalipwa kufundisha, hizo pande mbili zingekutana. Mara nyingi pesa zikija huenda kwenye vibao, taa za barabarani na rangi za mbele. Rangi ya mbele kwenye nyumba yenye paa bovu ni kama kumpaka wanja mgonjwa.

Nikija siku moja tu nifanye nini?

Njoo saa moja asubuhi ule mbaazi na mahamri. Ingia ngomeni kabla jua halijakasirika, simu iwe na M-Pesa maana malipo ya serikali siku hizi ni ya simu. Mle ndani ulizia habari za Santo Antonio de Tanna, meli ya Wareno iliyozama hapo mbele 1697. Na ukumbuke kuanzia 1895 hadi 1958 mahali hapo palikuwa jela. Kisha shuka Ndia Kuu polepole uone Leven House na ngazi zake za kushukia majini. Alasiri lala, sisi hulala. Jioni kahawa chungu na haluwa barazani, na ukipata nafasi ya Ramadhani baada ya Magharibi pita Makadara, sielezi, pita tu.

Familia yetu ina nyumba imefungwa miaka, tuanze na nini?

Musianze na mbunifu wa majengo wala na hoteli. Anzeni na grupu moja ya WhatsApp ya warithi wote, hata wale mliogombana nao, na mtu mmoja akaandike majina kwenye karatasi kabla mzee anayejua nasaba hajaondoka. Mirathi ipelekwe kwa Kadhi ikamilike hata kama hamuuzi. Halafu paa, kabla ya mwezi wa nne, mvua zikianza mmechelewa. Ngoeni ule mkuyu ungali mchanga, msiukate tu juu maana utarudi. Pigeni picha kila boriti. Ofisi ya uhifadhi nendeni mapema mkiwa hamjagusa kitu, wakikukuta umeomba ushauri watakusikiliza kuliko wakikukuta na nyundo.

Na tafuteni mtu akae, hata bure, mwanafunzi, mjane wa ukoo, yeyote atakayefungua madirisha asubuhi na kufagia. Kama bado hamjampata, ufunguo mmoja muachieni jirani. Sisi wa Kibokoni tunazo funguo za watu nne kwenye msumari jikoni, na kila mvua ikinyesha mke wangu ndiye anayezunguka na ndoo.